Waliona Nini Kichwani kwa Mama?

Mama alisukwa mtindo wa twende kilioni jioni ya kuamkia safari. Binti wa jirani ndiye aliyemsuka, mistari myembamba kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni, ncha zikakusanywa zikafungwa fundo dogo. Alitaka kichwa chepesi chini ya ushungi kwa safari ndefu. Tulikuwa tunakwenda Canada kwa mdogo wangu aliyejifungua, na tulibadilisha ndege kwenye uwanja mmoja wa Ulaya.

Mashine ya ukaguzi ilikuwa kama kibanda cha vioo. Mama akaweka miguu juu ya alama za sakafuni, akainua mikono kama alivyoonyeshwa kwenye picha. Nguzo ikazunguka mara moja. Alipotoka, kwenye skrini kulikuwa na mchoro wa mtu asiye na uso, na juu yake visanduku viwili vya manjano: kimoja utosini, kimoja kisogoni.

Mkaguzi alikuwa mwanamke wa makamo mwenye glovu za buluu. Akaweka viganja juu ya ushungi wa Mama, akabonyeza. Kisha vidole vikafuata msuko mstari kwa mstari, kutoka mbele hadi nyuma. Lile fundo akalifinya, akaliachia, akalifinya tena. Pembeni yetu watu walikuwa wanafunga mikanda na kuvaa viatu. Mama alitazama mbele muda wote, midomo imekazwa.

Hakikupatikana kitu. Mkaguzi akashukuru, akatuashiria tupite.

Tulipokaa kusubiri ndege, Mama akaweka ushungi wake sawa, akanyamaza kitambo. Halafu akaniuliza:

"Mwanangu, waliona nini?"

"Hawakuona kitu, Mama. Ni utaratibu tu."

"Kama hawakuona kitu, yule mama alikuwa anatafuta nini kichwani kwangu?"

Hakulitaja tena jambo hilo, si ndani ya ndege wala kwa mdogo wangu. Mimi ndiye lililonikaa. Wiki zikapita, nami bado najiuliza: kweli, waliona nini?

Kijana wa Krismasi

Habari ya mashine hizi ina tarehe yake. Tarehe 25 Desemba 2009, kijana wa Kinigeria wa miaka 23, Umar Farouk Abdulmutallab, alikuwa ndani ya ndege ya Northwest namba 253 kutoka Amsterdam kwenda Detroit. Ndani ya chupi yake kulikuwa na kilipuzi kiitwacho PETN. Ndege ilipokaribia kutua alijaribu kukiwasha. Kikashika moto, hakikulipuka. Abiria wakamrukia na kumdhibiti.

Alikuwa amepita ukaguzini kama watu wengine. Mlango ule wa zamani hutafuta chuma, na PETN si chuma.

Ndani ya wiki chache kila serikali ilitaka mashine inayoona chini ya nguo. Michael Chertoff, aliyewahi kuwa waziri wa usalama wa ndani wa Marekani, alizipigia debe kwenye vyombo vya habari wakati kampuni yake ya ushauri ikiwa na mteja anayezitengeneza. Mashine zikanunuliwa kwa mamia.

Lakini lipo jambo lililonisimamisha nilipoisoma habari hii upya. Mwezi mmoja kabla, Novemba 2009, baba yake kijana huyo, mtu wa benki anayeheshimika Nigeria, alikwenda mwenyewe ubalozi wa Marekani mjini Abuja kueleza kwamba ana hofu na mwanawe. Taarifa ikaandikwa, ikaingizwa kwenye kompyuta, na viza ya mwanawe haikufutwa.

Baba mzazi alikwenda kumsema mwanawe kwa wageni. Yeyote aliyelea anajua hatua hiyo ina uzito gani. Mashine ilinunuliwa kwa sababu mwanadamu hakusikilizwa.

Mashine iliyoona kila kitu

Aina moja ya mashine zile za mwanzo ilitumia eksirei hafifu inayogonga ngozi na kurudi. Nchini Marekani iliyoenea ni Secure 1000 ya kampuni ya Rapiscan. Mionzi yake ilikuwa kidogo, sawa na ile anayoipata abiria kwa dakika chache ndege ikiwa juu angani, ingawa wanasayansi walibishana sana juu ya hilo. Kilichowaka zaidi ni picha. Afisa aliyejifungia chumba kingine alikuwa akitazama umbo lako lilivyo, kila kitu mahali pake, nguo zimeyeyuka.

Tuliambiwa picha hazihifadhiwi. Mwaka 2010 ikabainika kwamba kwenye mahakama moja ya shirikisho huko Orlando, Florida, mashine nyingine ya kukagua mwili, isiyo ya eksirei, ilikuwa imehifadhi picha zipatazo 35,000, na mia moja kati yake zikachapishwa mtandaoni mwezi Novemba. Zilikuwa na ukungu, nyuso hazitambuliki, lakini ahadi ilikuwa imekwisha kuvunjika.

Mwaka huohuo watu wa imani mbalimbali walisema jambo moja. Mwezi Februari Baraza la Fiqhi la Amerika Kaskazini lilitoa tamko kwamba mashine hizo zinakwenda kinyume na stara inayofundishwa na Uislamu, likawashauri Waislamu waombe kupapaswa badala yake. Mwezi huohuo Papa Benedikto wa 16 aliwaambia wafanyakazi wa viwanja vya ndege kwamba hata katikati ya hofu ya ugaidi, utu wa binadamu ulindwe. Julai, polisi wa Dubai, ambako wengi wetu tunapita, wakatangaza kwamba hawatazitumia.

Uingereza haikutoa nafasi ya kuchagua. Machi 2010, uwanja wa Manchester, wanawake wawili waliokuwa wanakwenda Islamabad walikataa kuingia ndani ya mashine. Mmoja alikataa kwa sababu ya dini yake, mwingine kwa sababu ya afya. Wakarudishwa nyumbani, ndege ikaondoka bila wao. Ilichukua hadi mwishoni mwa 2013 Waingereza kukubali kwamba anayekataa mashine apekuliwe faraghani, aendelee na safari yake.

Umoja wa Ulaya ulikuwa umetangulia. Novemba 2011 uliweka kanuni: mashine za eksirei zisitumike kukagua watu viwanjani, na abiria awe na haki ya kukataa mashine na kukaguliwa kwa njia nyingine.

Marekani zikaondolewa mwaka 2013, kwa sababu bunge lilitunga sheria kwamba kila mashine iwe na programu ya kuficha umbo la mtu, na Rapiscan ikashindwa kuitengeneza kwa wakati.

Ningesoma habari hiyo zamani ningeshangilia. Stara imeshinda.

Ikafumbwa macho

Hapa ndipo nilipopata jibu la Mama, na halikunifurahisha.

Mashine aliyoingia yeye inatumia mawimbi ya milimita. Teknolojia hiyo ilianzia kwenye maabara ya taifa ya Pacific Northwest, jimbo la Washington. Mawimbi hayo ni ya redio, si eksirei. Yana urefu wa kama sentimita moja, yanapenya kitambaa, yakifika kwenye ngozi yanarudi kwa sababu ngozi ina maji. Yakikutana na kitu kingine njiani, karatasi, plastiki, chuma, yanarudi kwa namna tofauti. Nguzo inazunguka sekunde chache na kukusanya hayo yote.

Kisha, badala ya afisa kutazama, programu inatazama. Haimwonyeshi mtu yeyote umbo lako. Inaamua yenyewe wapi pana kitu kisichofanana na ilichofundishwa, inaweka kisanduku cha manjano juu ya mchoro uleule unaotumika kwa watu wote.

Kwa hiyo, Mama, hawakuona baruti. Hawakuona hata nywele. Hakuna mtu aliyeona chochote. Programu ilikuta mawimbi yamerudi kutoka kichwani kwako kwa namna isiyoitambua, ikasema: hapa.

Na ilipokwisha kusema "hapa", hakukubaki mtu wa kuitazama picha na kusema, huo ni msuko, mwacheni mama apite.

Ilibaki mikono.

Nililifikiria jambo hili siku nyingi. Kila mtu alitenda kwa nia njema. Wacha Mungu walilia stara, wanasheria walilia faragha, wahandisi wakaitafutia mashine njia ya kutomvua mtu nguo. Wote walikuwa na haki. Matokeo yake, jicho lililokuwa mbali, chumba kingine, likaondoka, na pahali pake ukaja mkono ulio karibu, mbele ya watu. Asiyepigiwa kengele amepata stara kamili. Anayepigiwa amepoteza zaidi ya alichokuwa nacho.

Na kengele za uongo si chache. Ujerumani iliijaribu mashine ya aina hii uwanja wa Hamburg kuanzia Septemba 2010 hadi katikati ya 2011, wakapita abiria karibu laki nane. Kati ya kila watu mia, 54 walipigiwa kengele bila kuwa na kitu. Mikunjo ya shati ilitosha. Jasho lilitosha. Waziri akasema programu irekebishwe kwanza, wakaahirisha.

Programu zimeboreshwa tangu hapo. Lakini swali langu lilikuwa limekwisha kubadilika. Zamani nilitaka kujua waliona nini. Sasa nilitaka kujua kengele inampigia nani.

Kichwa cha kawaida ni cha nani?

Mwaka 2014 GAO, ofisi ya ukaguzi inayolitumikia Bunge la Marekani, iliandika kwamba vilemba na mawigi ni miongoni mwa vitu vinavyoongeza kengele za uongo. Mwanzoni mwa 2015 TSA, mamlaka ya usalama wa usafiri ya nchi hiyo, ilifikia makubaliano na wanasheria wa haki za raia wa California baada ya malalamiko ya wanawake weusi waliopekuliwa nywele viwanjani. Ikakubali kuwafundisha upya wakaguzi wake. Mwaka 2018 TSA hiyohiyo iliwaomba watengenezaji walete njia bora ya kukagua vichwa vyenye vilemba na nywele nyingi. Mwaka 2019 shirika la habari la ProPublica likachunguza na kuandika kwamba nywele nzito, misuko na dredi za watu weusi huzichanganya mashine mara kwa mara.

Yaani wanajua. Wamejua kwa miaka.

Kuna na kitufe. Kwa miaka mingi, mkaguzi wa Marekani alikuwa anakutazama unavyokuja na kubonyeza cha waridi au cha buluu, mwanamke au mwanamume, ili programu ijue ikulinganishe na mwili gani. Akikosea, kifua chako kinakuwa kitu cha kutiliwa shaka. Waliobadili jinsia waliteseka sana na kitufe hicho, na mwaka 2022 TSA ilitangaza kukiondoa kwa kuleta programu isiyouliza jinsia. Wakikusudia, basi, wanaweza. Programu si amri ya mbinguni. Kuna watu walikaa ofisini wakaamua ifundishwe kwa miili ipi, na kengele ipige kwa wepesi gani.

Mwili wa Mama haukuwa miongoni mwa ile waliyoizingatia. Hilo ndilo jibu lake kamili, na ndilo lililonichelewesha kumwambia.

Mwili una watu wake

Nilipomsimulia shoga yangu mmoja, alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Akanieleza ya kwake. Yeye kisanduku kilikaa kiunoni. Wanawake wa pwani wameshaelewa. Shanga.

Mkaguzi alizipapasa juu ya nguo, akauliza ni nini. Shoga yangu akasema ni shanga. Akaulizwa za kazi gani. Akiwa amesimama kati ya mizigo, mbele ya wanaume waliokuwa wanangoja zamu yao, akatakiwa kueleza shanga za kiunoni ni za kazi gani. Akasema ni mapambo, ni mila. Akapelekwa chumbani akazionyeshe.

Kwetu mwili wa mwanamke mzima una watu wake. Mkunga, kungwi, mume, na siku ya mwisho mwosha. Kila mmoja kati yao anafika kwa mlango wake, na anachokiona hakitoki naye. Siri ya maiti aijuaye mwosha. Mkaguzi hana mlango kati ya hiyo, na sikusudii kumlaumu. Yule wa Mama alifanya kazi yake kwa upole, na mikono yake haikuwa na ubaya. Lakini hakuwa amefundishwa kwamba anaingia mahali.

Inawezekana kufundishwa. Masingasinga wa Marekani waligoma kuguswa vilemba, wakaandika, wakaandamana na sheria mkononi, na mwaka 2007 TSA ikakubali kwamba mtu anaweza kujipapasa kilemba mwenyewe, kisha mikono yake ikapanguswa kwa kitambaa kinachonasa masalia ya vilipuzi. Usalama uleule, kilemba hakikuguswa na mgeni. Nilipolisoma hilo nilihisi wivu. Watu wachache kuliko sisi, na walijua cha kudai.

Nilichoshindwa kukiandika

Nusura makala hii ingekuwa nyingine. Nilikuwa na kila kitu cha kuandika kwamba mashine hizi hazina maana. Mwaka 2014 watafiti wa vyuo vikuu vya Marekani, waliokuwa wamenunua Secure 1000 iliyotumika kupitia soko la mtandaoni la eBay, walionyesha kwamba bastola ikibandikwa ubavuni inapotea kwenye picha kwa sababu chuma na mandhari ya nyuma vyote vinaonekana vyeusi. Mwaka 2015 ikafichuka kwamba wapelelezi waliojifanya abiria walipitisha silaha na vilipuzi vya bandia kwenye vituo vya ukaguzi vya Marekani mara 67 kati ya majaribio 70, na kaimu mkuu wa TSA akaondolewa kwenye nafasi yake. Kituo kizima kilishindwa, watu na mashine pamoja.

Nikakaa kuandika hivyo. Sikuweza.

Mimi ni mtu wa Dar es Salaam. Tarehe 7 Agosti 1998, siku balozi za Marekani zilipolipuliwa, siihitaji kuitafuta kwenye kitabu. Waliokufa ni watu 11 hapa kwetu, zaidi ya 200 Nairobi, na majeruhi kwa maelfu, wengi wao wapita njia na makarani waliokwenda kazini asubuhi. Bomu halikuuliza dini wala kabila. Mtu aliyeishi siku ile hawezi kuandika kwa wepesi kwamba ukaguzi ni upuuzi, na sitaki mtu apande ndege aliyopanda Mama akiwa na PETN.

Halafu kuna bibi wa mtaani kwetu aliyewekewa nyonga ya chuma. Yeye mlango wa zamani ulikuwa unampigia kelele kila safari, akipapaswa kutoka juu hadi chini. Mashine hii ya mawimbi haioni kilicho chini ya ngozi, na anapita haraka. Kwake yeye ni nafuu kubwa. Ukizing'oa zote kesho, wa kupapaswa watakuwa wengi zaidi, si wachache.

Kwa hiyo siombi zing'olewe.

Ninachokikataa ni kuambiwa kwamba ukaguzi huu ni sawa kwa wote kwa kuwa mashine haina macho. Usalama ni wetu wote. Kwa nini gharama yake ilipwe na vichwa vilivyosukwa, viuno vyenye shanga, vilemba na mabuibui, tena kila safari?

Nimwambie nini, na niwadai nini

Kabla hajarudi nilimwambia Mama yale ambayo ni haki yake. Akiwa Ulaya anaweza kukataa mashine, akakaguliwa kwa njia nyingine. Popote pale aombe mkaguzi wa kike, na aombe chumba. Chumbani aingie na mtu wake awe shahidi. Marekani pia abiria wengi wanaruhusiwa kukataa, ingawa tangu Desemba 2015 TSA ilijipa uwezo wa kuwalazimisha baadhi yao. Mama alisikiliza, akasema, "Na ndege ikiniacha?" Ana haki kuuliza. Haki inayoombwa kwa lugha ya watu, mbele ya foleni ndefu, ndege ikiwa inaita abiria, ni nzito kubeba.

Ndiyo maana sitaki mzigo wote uwe wa abiria. Mashine hizi zinauzwa dunia nzima, na viwanja vyetu vya Afrika Mashariki vinajengwa na kupanuliwa kila mwaka. Kwenye meza za zabuni patakuwapo watu wetu. Hao ndio ninaowaandikia.

Kabla ya kusaini, ijaribiweni kwa vichwa vyetu. Leteni wanawake waliosukwa twende kilioni, waliosuka rasta, waliovaa wigi, wenye ushungi na wenye kilemba cha kitenge, wenye shanga, na wazee wenye kanga mbili chini ya baibui. Wapitisheni. Hesabuni kengele. Muuzaji akisema programu yake haiwezi, arudi nayo akaifundishe. Wekeni chumba chenye pazia na kiti hatua chache kutoka kwenye mashine, na wakaguzi wa kike wa kutosha kila zamu, wajue kusema "samahani mama, naomba ruhusa" kabla ya kunyoosha mkono. Ruhusuni mtu ajipapase kichwa mwenyewe kisha apanguswe viganja, kama walivyopewa Masingasinga.

Na kila mwezi takwimu zibandikwe palepale ukaguzini, kwa Kiswahili, pahali abiria anapovulia viatu: waliopita ni wangapi, waliopapaswa ni wangapi, na waliokutwa na kitu ni wangapi.